Nilikuja Kumchukua Chiriku

Jumapili, 3 Mei

Nimefika. Miguu imevimba, viatu vimegoma kuingia. Ndege, kisha basi, kisha basi jingine — mtu wa rika langu kufungwa mkanda kama gunia! Mjukuu kanipa daftari hili, eti bibi andika usije ukasahau. Mimi nisahau? Darasa nililisoma ukubwani, mwalimu mwenyewe mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, lakini kuandika najua. Kusahau ndiko sijafundishwa.

Chiriku alikuja kunipokea kituoni, nikampita! Nilidhani ni mama mmoja wa huku huku. Kakonda. Sweta la kijivu, sauti ya chini kama mtu aliye msibani. Huyu ndiye Chiriku? Aliyekuwa akicheka jikoni kwake, namsikia niko kwangu nyumba ya tatu? Jina hilo nilimpa mimi tukiwa wasichana, kwa kelele zake. Nikamwambia, shoga, huku wamekukata ulimi? Akatabasamu tu. Akanibebea begi.

Anajitolea kwenye nyumba ya yatima. Halipwi. Mumewe alipokufa akasema naenda miezi sita nipunguze mawazo. Sasa mwaka wa pili unakatika.

Sikuja kutembea, Mungu anajua. Binti yake kalala kitandani kule nyumbani, mimba ya mapacha, daktari kamkataza hata kufagia. Za nyuma zote zilitoka. Kaniambia, mama mkubwa, kanichukulie mama yangu, kwenye simu ananiambia nakuja nakuja, haji. Nikamwahidi. Nina tiketi mbili za kurudi mkobani. Chiriku bado hajui.

Jumatatu, 4 Mei

Nyumba ndefu, korido moja imepita katikati, vyumba huku na huku. Sakafu inapigwa dawa asubuhi na jioni mpaka macho yanawasha. Safi, siwezi kusema uongo. Kila kitanda shuka limenyooshwa.

Lakini kimya! Watoto wote hawa na kimya kama nyumba iliyohamwa. Nimelea watoto, nimelea wajukuu, najua kelele za watoto zinavyochosha. Sijawahi kujua kwamba kukosekana kwake ndiko kunakotisha. Niliingia chumba cha wachanga nikijua wamelala. Hawajalala. Wote macho, wanatazama dari. Mmoja kalowa mpaka kifuani na hasemi kitu. Nikamuuliza Chiriku, mbona hawa hawalii? Akasema, walilia zamani.

Nilitoka. Sikupenda jibu hilo.

Baadaye mtoto mmoja wa kike, miaka mitano hivi, kaanguka kwenye ngazi. Damu gotini. Akatazama huku, akatazama kule, akajifuta kwa gauni, akainuka. Mimi nikamnyakua nikambeba — kuna bibi gani asiyembeba? Matroni akaja mbio, mwanamke mrefu, kiuno kimebanwa na funguo. Eti mgeni haruhusiwi kubeba watoto, kwa sababu mgeni huondoka. Nikampa vidonge vyake, kwa lugha yangu, vyote. Chiriku akawa anamtafsiria. Maneno yangu yalikuwa mengi, ya Chiriku yakawa matatu tu. Nikamwambia, shoga, na lile la mtu mwenye moyo wa funguo mbona hujalisema? Hapo ndipo akacheka. Kidogo, lakini alicheka! Nikamwona shoga yangu, halafu akapotea tena.

Mtoto yule wanamwita Kupe. Chiriku ndiye kampa jina, kwa kuwa kamganda. Akiosha vyombo, Kupe yuko miguuni. Akifua, yuko miguuni. Kamba ya aproni ya Chiriku kajizungushia mkononi. Wananong'ona siku nzima, sijui nini. Lugha yao ya huku, nadhani.

Jumanne, 5 Mei

Nimeharibu. Ngoja niandike kama ilivyokuwa.

Tulikuwa chumba cha kufulia, mimi na Chiriku, tunakunja mashuka, huyu ncha hii na huyu ncha ile, kama zamani. Nikaona ndiyo nafasi. Nikaanza, binti yako amelala chali. Akasema, shoga, si hapa. Nikamwambia, kwani hapa nani atasikia, mashine? Akanionyesha chini kwa macho. Kupe alikuwa chini ya meza anachezea vibanio vya nguo. Nikasema, na huyu anajua nini, huyu wa huku! Nikaendelea. Nilikuwa nimeyabeba maneno yale tangu nyumbani, yakatoka kama maji ya bomba lililopasuka.

Nilisema, una damu yako kule inakulilia, wewe huku unawafutia kamasi watoto wa watu. Nilisema, tunaondoka Jumapili, tiketi hii hapa. Akasema taratibu, na huyu? Nikamwambia, huyu wiki moja tu kakusahau, mtoto ni mtoto, ukimpa biskuti anakwenda kwa mwingine. Chiriku anatikisa kichwa, nyamaza, nyamaza. Mimi tena na kunyamaza! Nikasema, si wako huyu. Mapacha wakizaliwa wewe hupo, utamwambia nini mwanao?

Akasimama na shuka kifuani. Mwisho akasema, sawa. Jumapili.

Basi Kupe akatoka chini ya meza. Akavipanga vibanio kwenye kikapu kimoja kimoja. Akajipangusa mikono kwenye gauni, akasema — kwa lugha yetu! Safi, bila kukwama — akasema, "Haya, hilo tumelimaliza, tuone lingine."

Ni maneno ya Chiriku. Kila akimaliza kazi husema hivyo hivyo, tangu tukiwa wasichana tunateka maji. Na sauti ilikuwa ile ile. Si kama anaiga. Ilikuwa ya Chiriku kabla hajavunja ungo, imetoka kwenye kinywa cha mtoto wa nchi za watu. Nikashika mashine.

Kaelewa yote. Mwaka mzima na zaidi Chiriku anaongea naye lugha ya kwetu. Angeongea na nani mwingine huku? Alitaka mtu wa kuongea naye.

Kupe akaenda zake koridoni. Kamba ya aproni hakuigusa.

Jumatano, 6 Mei

Kupe hamtazami Chiriku.

Si kununa. Kununa nakujua, wajukuu zangu ni mafundi wa kununa, mdomo unafika nje kabla ya mtoto. Huyu hanuni. Anakula, ananawa, anacheza na wenzake. Chiriku akipita, anampisha kama unavyopisha upepo wa dirishani. Chiriku kamwita. Hakuna. Kapiga magoti mbele yake. Yule mtoto akamtazama kupitia usoni mpaka ukutani, kisha akazunguka akaenda.

Chiriku kamuuliza Matroni. Matroni kasema, ndivyo alivyo, yeye huwazika mapema. Chiriku alinitafsiria hivyo bila kuinua macho. Eti kabla ya Chiriku walikuwepo wengine, na wote aliwafanya hivyo hivyo pindi tu alipojua wanaondoka. Nikasema Astaghfirullah. Matroni akanitazama, safari hii si kwa ukali. Nilitamani awe mkali.

Nimewahi kukaa na maiti, nimewaosha. Sijawahi kumwona mtu anapikiwa, anakula, anatembea, na wakati huo huo keshafariki machoni pa mtu mmoja. Chiriku mwenyewe ameanza kutembea hivyo. Anashika kuta.

Alhamisi, 7 Mei

Nilisema ngoja niongee naye mwenyewe. Mimi ndiye niliyeyamwaga.

Nilimkuta kwenye benchi. Nikakaa. Nikamwambia, mjukuu wangu, bibi yako Chiriku ana mwanawe mgonjwa, ndiyo maana. Akawa ananitazama mdomo. Akaniuliza, wewe pia unaondoka? Nikasema ndiyo. Mimi sidanganyi watoto, sidanganyi wakubwa, watu wananichukia kwa hilo na hewala. Akatikisa kichwa kama mtu mzima aliyesikia bei. Akasogea mpaka mwisho wa benchi. Kisha akashuka.

Jioni watoto walikuwa wanacheza koridoni. Nikafurahi, nikasema afadhali leo kuna mchezo. Nikasimama nitazame. Mmoja kachukua mfuko wa mashuka, kaubeba begani, anatembea kuelekea mlangoni. Wengine wamejipanga ukutani. Anayebeba mfuko anafika mlangoni, anapunga mkono, anatoka. Basi. Anarudi, anampa mwingine mfuko. Huo ndio mchezo! Hakuna anayecheka. Kupe ndiye msimamizi. Mmoja alibeba mfuko kwa mikono miwili, Kupe akamrekebisha, akamwonyesha, begani. Mmoja akapunga mkono mara nyingi, akamwambia kitu. Chiriku, nyuma yangu, alinong'ona, kamwambia ukipunga sana wanajua unadanganya.

Nimeingia chumbani nikafunga mlango. Jua bado liko nje. Sauti ya nyayo za wale watoto bado naisikia, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi.

Ijumaa, 8 Mei

Binti kapiga simu. Maumivu yameanza na siku zake bado. Wamempeleka hospitali, wanayazuia kwa dawa. Analia. Mama mkubwa, mmeondoka? Nikamwambia tumeshafunga mizigo. Tulikuwa hatujafunga hata soksi.

Nikampa Chiriku simu. Alisema, nakuja mama, safari hii nakuja kweli. Sauti ilimrudi, ile ya zamani, ya juu. Watoto wote koridoni waligeuka. Mmoja hakugeuka.

Jumamosi, 9 Mei

Amefunga begi. Moja tu, hana kitu. Kaenda kumwogesha Kupe kwa mara ya mwisho, akasema, ngoja nimwogeshe hata kama hanitazami. Mtoto akainua mikono alipoambiwa inua, akageuka alipoambiwa geuka. Kama nguo.

Chiriku akaja akakaa kitandani mwangu, mikono bado ina povu. Akaniambia, shoga, nisikilize vizuri. Nitakwenda. Lakini kesho yule mtoto akiniita — mara moja tu — sipandi gari. Nikamwambia, umerukwa na akili? Na mwanao? Akasema, mwanangu aliita mama akajibiwa miaka yake yote. Huyu hajajibiwa hata mara moja. Akiita tena kwa mdomo wake, na mimi nisigeuke, basi hataita mtu mpaka anakufa.

Nikampangusa povu kwa kanga yangu.

Nikasema tu, kalale.

Jumapili, 10 Mei

Tuko kituo cha mabasi. Basi limechelewa, dereva wake anakunywa chai, hana haraka, mwanawe hayuko hospitali.

Asubuhi teksi ilikuja. Ya zamani, inanguruma kama inasaga mawe, na redio juu. Chiriku alimbusu kila mtoto kichwani. Alipofika kwa Kupe, Kupe alikuwa anafunga kiatu cha mwenzake, hakuinua uso. Chiriku akambusu utosini. Akatoka, akaingia kwenye gari mbele, akajifunika uso kwa shali, akainama mpaka magotini. Mimi nikabaki nyuma naweka mabegi kwenye buti.

Ndipo nikaona mlango unafunguka. Kupe. Miguu mitupu kwenye saruji. Alisimama pale juu ya ngazi na mdomo wazi, hakuna kitu kinatoka. Kisha kikatoka. Bibi. Akavuta pumzi. Bibi. Si kwa nguvu — sauti yake ya kuita haijui kupaa, haijawahi kutumika. Teksi ikaimeza. Ukiwa mbele na shali masikioni huwezi kusikia. Mimi nilisikia.

Matroni alikuwa nyuma yake. Akanitazama. Alikuwa anajua kile Chiriku alichoapa? Sijui. Alisubiri tu, mkono kwenye bega la mtoto.

Nikafunga buti. Nikapanda. Nikamwambia dereva kwa mkono, twende.

Njia nzima Chiriku alibaki kajifunika. Tumefika hapa, tumekaa, ndipo akaondoa shali. Kaniuliza, alitoka? Nikasema nani, kama mjinga. Akasema, shoga, unanijua nakujua. Ulikuwa nyuma. Alitoka? Aliita?

Teksi ile ile bado iko pale ng'ambo ya barabara, inangoja abiria.

Simu ya binti imelia sasa hivi. Nesi ndiye aliyeongea. Wanamwingiza chumba cha kujifungulia, anaulizia mama yake amefika wapi. Nikasema yuko njiani. Hilo si uongo. Mpaka sasa si uongo.

Chiriku kasikia. Macho yamemjaa, lakini swali lake hajaliacha. Katika uzee wangu wote sijamdanganya mtu huyu, hata nguo ikimkaa vibaya namwambia. Ndiyo maana kaniuliza mimi, hakumuuliza dereva.

Nimefungua daftari nikasema ngoja kwanza, naandika.

Basi limewashwa. Watu wanapanda. Kanishika mkono wa kalamu, herufi zinakwenda upande. Anauliza tena. Naandika