Unga Usiopungua

Jumamosi, Bigwa. Manyunyu tangu alfajiri, milima imejifunika ukungu, na mimi nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani.

Nianze na unga. Nilipoamua kubadilisha mlo wa nyumbani, niliagiza gunia la mahindi kutoka Gairo, nikasaga dona, bila kukoboa, sembe nyeupe nikaacha kununua. Soda marufuku, maandazi marufuku. Mboga ni mchicha, mlenda, maharage, siku moja moja dagaa. Nilifanya hivyo kwa ajili ya mama, ambaye ameshuka kutoka mlimani kuja kukaa kwangu ili awe karibu na kliniki. Sukari yake inasumbua. Hata chakula nampakulia sahani yake peke yake, kwa kipimo.

Sasa, unga haupungui.

Mwanzoni nilijisifu, mpaka kazini nikawasimulia wenzangu jinsi ninavyojua kuendesha jiko. Lakini watu wazima watatu, ndoo ile ile ya unga, wiki ya tatu? Hapana. Kuna mtu humu ndani hali. Mume wangu namjua, yule chochote ukimwekea anamaliza. Akabaki mama.

Basi nikaanza kumchunguza mama yangu mzazi kama mwizi. Anamega matonge mawili matatu, anasema ameshiba, alhamdulillahi, na ugali unaobaki unakuwa kiporo cha kesho. Ikifika alasiri anajitanda khanga, anaaga kwamba anakwenda kumjulia hali Mama Shabani, jirani yetu wa nyuma. Kila siku? Mama Shabani haumwi. Ila chai yake ina sukari ya kukwaruza koo, na maandazi anapika mwenyewe. Juzi mama alipopata kizunguzungu pale uani, moyoni nikasema, si unaona, maandazi hayo. Nilikasirika hata pole sikumpa vizuri.

Nimefika mahali pa kunusa khanga yake. Ilinukia karanga. Nikasema, ahaa, kumbe na kashata zipo.

Leo nimemfuata.

Nimesimama nyuma ya michongoma ya Mama Shabani, mtu mzima nimeloa chapachapa, nachungulia. Mama alikuwa barazani kwenye mkeka, anabangua karanga. Mama Shabani anauza karanga sokoni, na kumbe huwa analipa watu wamsaidie kubangua. Hakukuwa na chai. Hakukuwa na andazi hata moja.

Nikarudi nyumbani kimya kimya. Jioni mama kaingia jikoni, kafungua khanga, kaweka mezani sembe kilo mbili na sukari nusu kilo.

"Asha, mwanangu, mbona hukuniambia kama mambo yamekuharibikia?" akasema. "Dona kila siku, majani kila siku, chakula unanipimia. Nikajua mmekwama, unanificha kwa aibu. Nikasema nijizuie, angalau mumeo ashibe."

Kwa watu wa umri wake, sembe ndiyo ya kumpa mgeni. Dona mtu anakula akiwa hana jinsi. Mimi nilimpa nikidhani namtunza.

Kwa hiyo kizunguzungu kile kilikuwa njaa. Mama yangu amekuwa akimeza vidonge vya kushusha sukari tumbo tupu, nyumbani kwangu, na ndoo ya unga imejaa.

Nimelia, siwezi kuficha. Nimemweleza kwamba hela ipo, kwamba dona ndiyo inamfaa kuliko hiyo sembe yake. Akaniangalia kwa jicho lile lile nililokuwa namwangalia nalo mimi siku zote hizi. "Sawa, mwanangu," akasema, ile sawa ya kumnyamazisha mtoto. Haamini hata kidogo.

Kesho nakwenda naye sokoni. Achague samaki mwenyewe, nifungue pochi mbele ya macho yake.

Usiku huu ile sahani ya kipimo nimeiweka kabatini, tumekula sinia moja, mimi na yeye. Kila nikigeuza uso, dagaa wanahamia upande wangu. Nawarudisha, anawasukuma tena. Sijui itanichukua muda gani kumshibisha mama yangu.