Kwa Bibi Yangu Mudogo Anayerudi Masomoni

Hapa Baraka, siku ya soko

Tania, mujukuu wangu, bibi yangu mudogo,

Mi babu yako niko muzima kabisa. Kila jioni namaliza bugali sahani mbili, na bamama wa sokoni banagombania kuolewa na mimi. Haya, nimedanganya. Sahani ya pili inaliwa na kuku za jirani Adolphine, na hao bamama bananiuliza tu kama ningali hai.

Baba yako Eddy ameniambia unangojea ruhusa yangu uombe nafasi kwenye école ya infirmière, shule ya bauguzi, huko Bukavu. We mutoto! Umesoma uchumi, licence ya chuo kikuu unayo, na mi nimeshatangaza mpaka Fizi kwamba utafungua banki. Sasa unataka kudunga batu sindano za matako?

Eddy anasema umechoka kukosa kazi. Mi najua ni sababu ya nyanya yako, bibi yangu mukubwa, alivyokufa mikononi mwako bila wewe kujua la kufanya.

Basi omba, nimekubali. Ila miaka mitatu ya masomo tena ni mirefu kwa muzee anayebishana na redio.

Neno lingine, usimwambie Eddy. Juzi nilikanyaga kaa la moto jikoni, nikajua kwa harufu. Mguu wa kushoto hausikie tena kitu.

Ulipokuwa mudogo nilikutoa funza miguuni kila Jumamosi, na uliniuma mukono. Hiyo iko deni. Kabla hujaingia école, pita hapa unikate kucha za miguu. Nyanya yako ndiye alikuwa anazikata.

Bwana yako wa meno matatu,
Babu Jacques