Mushushe Mutu Mumoja

Kisangani, Alhamisi tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2025

Kwako kaka yangu mukubwa, Yaya Zacharie, Bengamisa,

Ninakusalimia sana, wewe na mama Chimène, na binti yenu Chimène mwenyewe, bibi-arusi wetu, na hata yule jogoo mweupe aliyenidonoa siku nililala kwenu. Ninaomba barua hii iwakute wazima wote, na goti lako liwe limetulia, maana mvua za mwezi huu hazipendi magoti ya watu wazima. Ukiuliza habari yangu, niko muzima. Ninakula lituma yangu ya ndizi, ninacheka, na sura iko ile ile inayosumbua wanawake wa Makiso. Mukono wa kushoto tu ndio umefungwa bandeji toka vidole mpaka kiwiko. Mukono wa kuume ndio unaandika, na wewe unajua huo haujawahi kuchoka kunisifu.

Lakini kabla sijaanza, Yaya: usiwashe gari. Usilitoe hata mulangoni. Antena ya simu ya kwenu imelala toka mvua ya Jumapili, ndiyo sababu ninamutuma Lambert na barua. Nimemwambia akuambie neno hilo moja kabla hujafungua bahasha. Anakuja na moto yake, ile ya magurudumu mawili ninasema, maana toka juzi ninaogopa neno hilo. Ningekuja mwenyewe, lakini Kadidja, infirmière anayenifunga bandeji, amesema nikipanda nyuma ya mutu kwenye mashimo ya barabara ile, nisirudi tena kwake. Na wewe ninakujua. Lambert akikuambia usiwashe gari, utasema yeye iko nani. Ulisema mbele ya Madame Hélène kwamba kwa habari ya gari hili unamusikia Noël peke yake. Bon, Noël ndiye huyu. Uisome mpaka mwisho, hata kama nitachelewa kufika kwenye neno. Ni neno zito, na mimi sikuzoea kubeba vizito bila kucheka kwanza.

Unajua tulikotoka. Kampuni ya kwanza ya gari za umeme ilikuja hapa na vigari vya magurudumu matatu, vizuri sawa sahani mupya. Matope ya Mangobo yakavimeza mwezi mumoja. Ya pili ilileta pikipiki za umeme. Wale walitegemea umeme wa maporomoko ya Tshopo peke yake, na wewe unajua umeme wetu: ni muke wa mutu mwingine, anakuja akitaka. Siku turbine ilisimama, pikipiki zote zililala kandokando ya barabara sawa mbuzi wagonjwa. Asubuhi moja watu walikuta mulango umefungwa kwa kufuli na patron amepanda boti ya Kinshasa. Hakuna mutu aliyeambiwa kitu. Toka siku hiyo, ukisema umeme na gari pamoja, wamama wa soko wanakuuliza kama boti yako inaondoka saa ngapi.

Ndipo alikuja Madame Hélène wa Bukavu, ingénieur, mwembamba sawa waya, na gari lake la viti nane. Gari halina kelele, akaita kampuni Kimya. Watu wa Lingala wakasikia amani, watu wa Swahili wakasikia ukimya, kila mutu akafurahi na lake. Mimi nilikuwa mutu wa toleka, miaka kumi na moja nikibeba watu nyuma ya baiskeli. Nilimwambia kwamba mutu aliyebeba mama wa kilo mia na gunia ya mihogo toka Kabondo mpaka bandarini kwa miguu yake hawezi kushindwa na gari linalojisukuma. Alicheka, akanichukua. Donc nikawa chauffeur wa kwanza wa gari la umeme la Kimya, na unajua picha zangu zilifika mpaka kwa mama kule Yanonge.

Habari ya safari ya komisyo unaijua, nimekuhadithia mara tano na kila mara nikiongeza chumvi. Leo ninaihadithia bila chumvi. Wakuu wa jimbo walisema gari likifika Bengamisa na watu nane, kampuni itapewa mwezi mumoja wa kufanya kazi, kisha watakata neno. Madame alitangulia kutungoja kwenu na sahani zake za jua za kujaza betri. Mimi nilibeba komisyo, wale wakuu waliotumwa kutukagua. Mukubwa wao, Papa Dominique, alikaa kwenye viti viwili. Kwenye kilima cha kilometa ya thelathini toka Kisangani, taa nyekundu ikawaka. Unaijua taa ile. Chini yake Madame alibandika plasta ya hospitali na kuandika kwa kalamu MOTO, kwa sababu maandishi ya kiwanda yalikuwa ya Kichina.

Jasho lilinitoka mpaka ndani ya viatu. Komisyo wote waliiona. Mumoja aliuliza kama boti ya Kinshasa iko tayari. Mimi nikafikiri mbio: moto. Kwa Lingala yetu, moto ni mutu. Basi gari linahesabu watu, na Papa Dominique ni watu wawili. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba gari linamwomba atembee kidogo. Alikasirika, akasema hajawahi kushushwa na kitu kisichokuwa na mudomo. Tulibishana robo saa kwenye jua, gari limesimama. Mwisho alishuka, nikawasha, taa ikazimika. Wote wakapiga makofi. Yeye mwenyewe akapanda kilima kwa miguu akicheka, na kwenye raporo akaandika kwamba hili ndilo gari la kwanza Tshopo linalokataa kujazwa kupita kiasi, na kwamba lina akili kupita machauffeur wote. Walipomwambia Madame kule Bengamisa kwamba gari linahesabu watu, alifikiri wanacheka tumbo la Papa Dominique. Alicheka pamoja nao. Mimi nilikunywa bia ya ushindi.

Kisha nikakufundisha wewe. Ulipochukua gari la pili, nilikuonyesha taa ile kwa kidole, nikakuambia: ikiwaka, mushushe mutu mumoja, anza na munene, endelea na njia. Uliniuliza kama nina hakika. Nilikujibu kwamba mimi na gari hili tumenyonya ziwa moja.

Juzi Jumanne saa nne asubuhi nilikuwa ninarudi toka ng'ambo ya Tshopo. Nilikuwa nimeshusha abiria wote. Nilipovuka daraja, taa ya MOTO ikawaka.

Nikatazama nyuma. Hakuna mutu. Nikahesabu, Yaya, ninaapa nilihesabu: mimi, basi. Nikajiuliza kama gari linataka nishuke mimi, na kama nikishuka nani atalipeleka. Nikacheka peke yangu, nikaendelea. Mbele kidogo nikasikia harufu sawa ya sahani ya plastiki imeanguka ndani ya makaa. Nikasimama karibu na soko. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri kuna mutu amejificha chini ya kiti cha nyuma, anasafiri bila kulipa. Nikaenda kumutoa. Nikaingiza mukono chini ya kiti, nikakivuta kwa nguvu nikimutukana aliye ndani.

Aliye ndani alikuwa betri. Moshi ulinipiga usoni, mukono ukabaki na alama za chuma mpaka leo. Wamama wa soko walileta mchanga kwa mabeseni ya samaki, wakamwaga, wakamwaga, mumoja akiniuliza kama sasa ninaamini umeme unauma. Gari halikuteketea. Viti vya nyuma viliungua, mutu mwingine hakuumia.

Sasa nifike kwenye neno.

Madame alikuja mbio toka garage. Aliniuliza taa ya MOTO iliwaka muda gani. Nilimwambia haikuwaka kabisa. Nilimwambia betri ililipuka yenyewe, ghafula, sawa mutu aliyerogwa. Nilisema hivyo kwa sababu niliogopa, na mukono ulikuwa unaniwaka, na wamama walikuwa wananitazama. Kutwa nzima alikaa chini karibu na gari lile na vyombo vyake, hakula. Jana asubuhi akatuita wote, akasema kama betri inaungua bila taa kuonya, basi gari halifai kubeba mutoto wa mutu, na anafunga kampuni yeye mwenyewe kabla haijaua. Hakulia. Alikunja ile blouse yake ya kazi, akaiweka juu ya meza. Ninaona ile blouse mpaka sasa.

Alors nikasimama. Nikamwambia taa iliwaka, na iliwaka mara nyingi wiki hizi. Kila mara nilishusha watu, nikangoja kidogo, ikazimika, nikaendelea. Aliniuliza watu gani. Nikasema: moto, Madame, watu. Kisha akasema polepole, kwa Swahili ya Bukavu, kwamba aliandika moto, wa kuunguza. Betri ikichemka, taa inawaka, na gari linasimama pale pale mpaka lipoe. Ile siku ya Papa Dominique gari lilipona kwa sababu ya ile robo saa ya ugomvi, hakuna akili nyingine. Akasema aliyaeleza yote siku ya formation, na jina langu liko kwenye karatasi ya waliohudhuria.

Jina langu liko, Yaya. Mimi sikuwako. Nilitia sahihi, nikatoka inje kupigwa picha na gari. Ile picha nimeegemea mulango, ile mliyotundika ukutani kwenu, ilipigwa saa ile ile wenzangu wakifundishwa maana ya taa. Kila sifa nimekuhadithia toka pale imejengwa juu ya saa moja sikuwako.

Jumamosi ungeleta arusini hapa Kisangani Chimène na mama yake na tantine Fortunée na wengine mpaka mukajaa nane. Kilima cha kilometa thelathini kiko pale pale. Taa ingewaka. Wewe, kwa kunitii mimi mudogo wako, ungemushusha tantine Fortunée, ungeendelea na njia. Na betri iko chini ya kiti cha nyuma, pahali mutamukalisha bibi-arusi ili nguo yake isikunjike. Toka jana ninaona kiti kile tu.

Eddy, associé wa Madame, mwenzake wa kampuni, alisema tukae kimya mpaka komisyo ipite Jumatatu, tuseme ni kosa la kiwanda, ao tuseme Noël ni mulevi, watu wataamini kwa urahisi. Madame alimujibu kwamba wale wa kabla yetu walikuwa na betri mbaya na barabara mbaya, lakini mulango waliufunga wenyewe bila kumwambia mutu ukweli. Akavaa blouse yake. Jumatatu atamwambia Papa Dominique yote, na mimi nitakuwa karibu yake, na nitamwomba musamaha kwa kilima. Kama watatunyima ruhusa, sijui. Zamani hao walitucheka kwa kufikiri tutakimbia. Sasa labda watatufunga tukiwa tumesimama. Mimi ninayejua kila kitu, hili silijui.

Maelekezo ni haya, na haya si yangu, ni ya Madame, nimeyasoma kwake mara tatu. Usiguse kiti cha nyuma. Fungua milango yote, mutu asilale karibu na gari, watoto wakae mbali. Anafikiri kipepeo kinachopoza betri kimeziba kwa matope ya barabara ile, kwako sawa kwangu. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ndogo ya kubandika. Aliniambia nitafute neno ambalo mutu wa Kisangani hawezi kukosea, nikatafuta mpaka kichwa kikauma. Kila neno hapa lina ndugu kwa lugha nyingine. Mwisho nikachora nyungu inayofurika juu ya mafiga. Hata mama yetu asiyejua kusoma anajua ukiona hiyo, haushushi mutu, unaondoa nyungu. Utoe ile plasta yenye maandishi, ubandike nyungu.

Na arusi haitaahirishwa. Mama Chimène aliapa hatapanda tena pikipiki toka aanguke, kwa hiyo nimeenda jana mangaribi kwa wenzangu wa zamani wa toleka, wale niliwacheka nilipopata gari. Walinicheka vya kutosha, nimekubali. Tisa wataondoka kesho asubuhi, watalala kwenu, Jumamosi alfajiri wataleta bibi-arusi na wakubwa wote kwa baiskeli, kengele zikilia. Uwapikie wali mwingi. Nyuma ya baiskeli ya kwanza utamwona Madame Hélène na sanduku ya vyombo kwenye magoti, anakuja kutazama gari lako. Alisema miaka yote amejenga magari hajawahi kuonja toleka. Nimemwambia ashike vizuri kiuno cha dereva na asiogope, maana chombo kile hakina taa.

Unisalimie mama Chimène, umwambie hasira yake nitaipokea yote arusini, lakini baada ya chakula. Umwambie Chimène tonton wake atamungoja kwenye daraja la Tshopo na mukono mumoja wa kupungia. Ile picha ya ukutani uishushe, Yaya, ukiweza leo.

Nimeacha kuandika, mukono wa kuume nao umechoka.

Mimi mudogo wako,
Noël
mutu mumoja