Jua Lililochorwa Siku ya Mvua

Jumapili, 3 Novemba 2013

Jua limepatwa leo! Kwenye saa kumi na moja na nusu jioni kilibaki kipande chembamba kama ukucha uliokatwa, na mtaa wetu wote wa Gudele ukaingia mwanga wa kijivu. Kuku wa Babirye walirudi bandani. Nilikuwa uani na darubini yangu ndogo, nimelipa jua mgongo, nachora lile jua linaloangukia kwenye karatasi nyeupe. Moja kwa moja halitazamwi, unapofuka. Babirye, Mganda mwenye duka getini kwetu, alikuja na wateja wake wote. Akauliza, mwalimu, hii jua iko nagonjwa? Nikamwambia ni mwezi unapita mbele tu. Hakuniamini, lakini hakuondoka.

Rafiki yangu Malual alipiga simu kutoka mtaa wa Tongping, juu ya paa la ofisi yao, na darubini yake. Tulicheka kama watoto. Wawili tuliokulia Eldoret, leo ndio macho ya Juba! Daktari Crispus, mtaalamu wa anga wa Nairobi, anakusanya michoro ya madoa ya jua kutoka nchi za huku, aone kama macho yetu yanakubaliana na satelaiti. Nchi yetu changa ina sisi wawili tu. Mwakani mmoja wetu ataitwa Nairobi kuisomea kazi hii. Nataka niwe mimi. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya kulinganisha. Kanuni yetu: kila mtu anachora kwake, asubuhi, wala hatuonyeshani hadi Jumamosi. Ukitazama mchoro wa mwenzako kwanza, mkono wako utaanza kuona alichoona yeye.

Tulikaa benchi la Babirye na soda. Jumatatu — sawa. Jumanne na Jumatano — sawa. Alhamisi mimi sina. Mvua ilianza alfajiri, barabara ikawa matope matupu, darasani nilifundisha nusu ya wanafunzi. Malual anao mchoro wa Alhamisi. Safi, madoa yote. Nikamuuliza jua alilipata wapi. Akasema, akiniita kwa jina la utotoni, "Nya, kwetu mawingu yalifunguka kidogo, manze. Dakika chache tu." Haya. Tongping si hapa. Akaniachia michoro yake kama kawaida, maana mimi ndiye naipiga picha na kuituma Nairobi.

Jumapili, 17 Novemba

Kanisani sikusikia hata neno la mahubiri. Ule mchoro.

Kwenye karatasi jua hugeuka kama uso kwenye kioo. Doa lililoko kulia linatokea kushoto. Michoro yetu yote iko hivyo. Wa Alhamisi haujageuka. Kundi kubwa la madoa limekaa kulia, pale pale lilipo kwenye picha ya satelaiti. Nimeifungua kwenye simu nikaviweka pamoja. Hakuliona jua popote! Alikaa ofisini akanakili. Nimerudi nyuma hadi Oktoba: siku za mawingu ni hivyo hivyo. Na Daktari Crispus anaichukua anailinganisha na satelaiti — satelaiti kwa satelaiti! Kazi yote imeharibika. Nina hasira mpaka chakula kimenishinda.

Jumanne, 19 Novemba

Nimemwambia. Kwanza alicheka. Halafu akasema mimi hukosa siku chache tu, naye akiacha karatasi nyingi tupu ataonekana mvivu. Sauti ikashuka, machozi yakamlenga. "Malesh, samahani, Nya. Nitamwambia Crispus mwenyewe. Nipe tu mpaka Ijumaa." Nikampa. Hata nilimhurumia, jamani.

Jumatatu, 25 Novemba

Daktari Crispus amepiga. Sauti baridi. Anasema Malual amemweleza kila kitu: kwamba michoro inapita mikononi mwangu, na siku zilizokosekana nilizijaza mimi, nikanakili satelaiti na kuandika jina lake. Kwamba aliligundua siku nyingi, akaona haya kunitaja. Nikajitetea, na kadiri nilivyojitetea ndivyo nilivyojisikia mwizi. Amenitoa. Malual ataendelea peke yake, na Januari anakwenda Nairobi.

Kumbe zile siku nilizompa ndizo alizotumia kunipaka matope. Ameniuza. Mtu tuliyekula naye sahani moja! Tulipanda basi moja 2011 kuja kuona bendera yetu ikipanda. Eldoret tuliitwa Wasudani, basi. Hakuna aliyejali kwamba yeye ni Mdinka na mimi Mnuer. Sisemi ndiyo sababu. Lakini leo nimeliwaza hilo kwa mara ya kwanza, na namchukia kwa kunifanya niliwaze.

Ijumaa, 29 Novemba

Ile nyota yenye mkia, iliyotangazwa mwaka mzima kwamba itang'aa ajabu, jana imepita karibu mno na jua ikasambaratika. Vumbi. Babirye aliisikia redioni akanipa pole kama niliyefiwa. Bado nachora kila asubuhi. Hakuna wa kumtumia.

Jumatano, 11 Desemba

Malual alikuja dukani. Sikutoka. Babirye akanifuata ndani: "Nyinyi mbili iko na shida gani? Yeye naulizia wewe sana." Nikasema kalas, huyo kwangu amekwisha. Wakubwa wa serikali, Mdinka na Mnuer, wanagombana, askari wameongezeka barabarani, na wazazi wanachukua watoto shuleni kabla ya saa.

Jumatatu, 16 Desemba

Risasi tangu jana usiku. Mizinga pia. Simu hazishiki. Sikuchora.

Jumanne, 17 Desemba

Wenye bunduki wanaingia nyumba kwa nyumba. Wanakusalimia kwa Kidinka. Usipojibu, wanakutoa nje. Jirani wa nyuma, baba mtu mzima, Mnuer kama mimi, wamemtoa asubuhi. Nilisikia sauti yake, halafu sikuisikia tena. Babirye amenificha stoo, nyuma ya magunia ya unga. Kidinka sijui hata salamu. Eldoret tulicheza kwa Kiswahili.

Malual yuko getini.

Namsikia. Amekuja na pikapu, na mbele kuna mtu mwenye sare. Anamwambia Babirye kwamba huyo ni binamu yake, na wananipeleka kambi ya UN. Nijifunike kitenge, nisifungue mdomo kabisa. Kwenye vizuizi ataongea yeye. Atasema mimi ni dada yake, bubu tangu kuzaliwa.

Babirye ameingia stoo. "Mwalimu, mimi nafungua? Mimi sijui roho ya huyu mtu. Wewe ndio iko najua yeye."

Namjua. Sauti yake inashuka, unamhurumia, unampa anachotaka. Hata sasa, kutoka nje ya geti, anamsihi Babirye kwa sauti hiyo hiyo. Nimetega sikio nipate tofauti kati ya Malual anayesema kweli na yule wa Novemba. Siipati. Kama ni mimi anayenidanganya tena, yule mwenye sare hakuja kuniokoa. Na kama ni wao wa vizuizini anaotaka kuwadanganya, basi Juba yote sijui mtu mwingine anayeiweza kazi hiyo kama yeye.

Naogopa sana. Gari linanguruma, hawajalizima. Babirye ameshika ufunguo wa geti, ananitazama mdomo, anasubiri niseme ndiyo au hapana.