Vyungu vya Mwaka wa Nzige

Mwanza,
12 Septemba 1937

Kwa dada yangu mpendwa Mhoja,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta huko Sengerema ukiwa na afya njema, pamoja na shemeji Luhaga na watoto. Kile kikohozi cha shemeji kimepona? Sisi huku hatujambo. Mama bado anasumbuliwa na miguu, lakini kila asubuhi huota jua mlangoni na kumwuliza kila atokaye ng'ambo kama amekuona.

Nakuomba barua hii uisome peke yako kwanza. Ukiisha kuisoma, utaamua mwenyewe nani asomewe.

Ule ua wako wa kufinyangia, dada, umejaa watu tena. Nilianza mwaka juzi na wanawake wawili, wake za wafanyakazi wa reli, waliotaka tu kitu cha kupitishia alasiri. Sasa kila Jumamosi tunafika kumi na wanne. Yumo Nurbanu, mke wa mwenye duka la nguo karibu na msikiti. Yumo na mzee Antoni, seremala, ambaye mabakuli yake yote hulalia upande mmoja na yeye huyapenda hivyo hivyo. Hatumkatai mtu. Asiyejua hata kukanda udongo huketi karibu na anayejua, na anayekuja kupiga soga tu hupewa donge akashika. Nimefuata ulivyokuwa ukifanya wewe.

Mwezi wa saba tulichoma vyungu vya wote pamoja. Kabla moto haujafifia tulisikia mlio, kisha mwingine, na tulipofukua majivu tulikuta vyungu tisa vimevunjika. Sikuwa nimesema neno bado. Nurbanu akasimama, akasema kosa ni lake: mtungi wake haukuwa umekauka, na alijua, lakini alitaka uwahi arusi ya binti yake, akauchomeka katikati. Mzee Antoni akamwambia kwamba basi Jumatatu yeye ndiye atakayetubebea udongo kutoka Nyegezi. Watu wakacheka, na yakaisha.

Mimi sikucheka. Niliingia ndani, nikawaambia moshi umeniingia machoni.

Unaukumbuka mwaka wa nzige, dada. Vyungu thelathini na kitu, vingi vya wanawake waliokuwa wakichoma kwa mara ya kwanza, vikatoka vigae vitupu. Uliuliza kama kuna aliyeingiza chungu kibichi, na hakuna aliyejibu. Ndipo maneno yakaanza, kwamba Odeta amezika waume wawili, kwamba mkono wake ni mbaya, na kwamba yeye ndiye aliyepanga kuni. Alikuwa karibu nawe kuliko mimi niliye ndugu yako. Ulivumilia siku tatu, kisha ukamwambia asije tena. Nilikuwepo. Alisema tu, "Hata wewe, Mhoja?" akachukua kanga yake akaenda. Haikupita miezi mitatu, nawe ukauacha udongo, ukasema hauna raha tena mikononi.

Dada, chungu kibichi kilikuwa changu. Asubuhi ile niliona ufa kwenye kitako cha mtungi wangu, nikauziba kwa udongo mwororo wa maji, nikaupachika chini kabisa wakati wewe na Odeta mmekwenda kuleta nyasi. Nilitaka uone kwamba nami naweza. Ulipouliza, nilikuwa nimesimama ubavuni mwako. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, si mtoto. Nilijiambia nitasema kesho, na miaka sita ikapita.

Mwezi uliopita nilipanda meli hadi Musoma kumtafuta Odeta kwao, nimwambie yeye kwanza kabla yako. Nilimkuta binti wa dada yake. Akanieleza kwamba Odeta alifariki mwezi wa tano, kwa homa ya siku nne tu. Nikamwuliza kama aliendelea kufinyanga. Akasema ndiyo, mpaka alipougua, na kwamba wanawake wa kule walimpenda sana. Aliwachagulia udongo, akawafundisha mabinti zao. Ila siku ya kuchoma hakuukaribia moto wao. Vyungu vyake alivichoma peke yake, mbali, nyuma ya mawe. Walipomwuliza sababu, aliwajibu kwamba ana mkono mbaya, na hapendi kuwaharibia watu kazi zao.

Aliamini, dada. Yale aliyosingiziwa hapa uani aliyaamini, akaenda nayo mpaka kaburini, na mimi ndiye niliyekuwa na neno moja la kumwondolea.

Jumamosi iliyopita niliwaeleza wote uani, nikamtaja Odeta kwa jina ili wale waliokuwepo mwaka ule wajue. Mara hii hakuna aliyecheka. Mama naye nimemwambia, na tangu Jumapili hajasema nami. Kwako sina cha kuomba. Ukitaka kuja, ua ni wako. Na ukitaka usinikute, niandikie siku utakayofika, nami nitakuwa nimeondoka.

Wasalimie shemeji na watoto, kila mmoja kwa jina lake. Majirani wote wa huku wanakutakia heri.

Ni mimi mdogo wako,
Wilhelmina