Kofia ya Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Juni
Nimekubaliwa rasmi kwenye kikundi cha kufuma. Mwanamume pekee! Akina mama kumi na wawili wamenitazama kama fundi bomba aliyekosea nyumba. Nikawaambia: miaka thelathini na minane nimetengeneza saa, vidole hivi vimeshika vitu vidogo kuliko hizo sindano zenu. Wakacheka. Papo hapo nimeshakuwa Mzee wa Saa.

Tunafuma kofia za watoto wachanga wa hospitali. Mwenyekiti – mwalimu mkuu mstaafu, bado anatembea na filimbi shingoni – ametusomea kanuni. Kwanza, uzi uwe wa mabaki ya kazi nyingine. Donge jipya marufuku. Pili, ukishafuma kofia kumi za hospitali, ya kumi na moja ni yako.

Mimi nimefuata hiyo ya kumi na moja. Binti yangu anajifungua mwezi huu.

Jumanne, 4 Juni
Sina mabaki! Nyuzi za dada yangu nilizimaliza zote nikijifunza. Nimenunua madonge sita ya sufu ya njano, nikajifanya ya zamani. Mwenyekiti kayanusa. Kayanusa kweli, moja moja! Haya mapya, Mzee. Nikauliza: je, nikilitumia moja likabaki nusu? Kafikiri mpaka chai yake ikapoa. Basi hiyo nusu ni mabaki, kasema, ila lete na hicho ulichofuma, tujue ni mabaki ya nini.

Mama ana akili. Naanza leo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimelifumia birika sweta. Mkono mmoja, wa kupitisha mdomo. Nusu donge imebaki – mabaki halali kabisa.

Dada yangu mkubwa, ambaye naishi naye tangu mke wangu afariki, kaingia jikoni akaganda. Kauliza birika lina homa? Nikamweleza kanuni. Kwani huwezi, kasema, kufuma kofia moja tu hapa nyumbani ukampelekea mwanao? Nikamwambia utaratibu ni utaratibu. Kanitazama wee! Kasema yeye ni shangazi mtu tu, hana la kusema, ila huyo binti huniulizia kila Jumapili.

Nikaliongezea birika kola.

Miaka miwili mimi na binti yangu hatusemezani. Kaolewa na muuza simu. Simu! Hizo hizo zilizowafanya watu waache kuvaa saa, hizo hizo zilizofunga kibanda changu. Siku ya harusi yake nilishinda kibandani natia saa ufunguo. Saa arobaini. Hakuja mteja hata wa kuulizia bei.

Jumamosi, 8 Juni
Kofia mbili tayari. Lakini balaa! Mwenyekiti kaipenda sweta ya birika kuliko kofia. Imepitishwa mkono kwa mkono, wanaishika kama kichanga. Pendekezo: kila mwanachama afume sweta za birika. Wametaka kura. Ndiyo, kumi na moja. Hapana, mmoja – mimi. Mmoja alikuwa chooni.

Nikauliza, na watoto je? Filimbi ikapigwa. Nje ya ajenda.

Jumatano, 12 Juni
Nyumba imevaa. Redio ina fulana. Viti vinne vina soksi, miguu kumi na sita. Leo asubuhi Dada kakuta mswaki wake umefungwa skafu, akanitukana kwa jina langu kamili. Afadhali, nina kofia saba.

Mchana Sista wa wadi ya wazazi kaja kuchukua mzigo. Mwenyekiti kafungua kabati kwa mbwembwe: sweta za birika ishirini na tisa, kofia saba, zote zangu. Sista kachukua sweta moja, kaigeuza, kaigeuza tena. Kauliza kwa upole sana: huyu mtoto ana mkono mmoja?

Halafu filimbi – kikao kimeahirishwa. Sista kazoa kofia zangu saba akatoka mbio. Nimerudi nyumbani nimevimba kichwa kwa raha.

Ijumaa, 14 Juni
Kajifungua! Alfajiri. Wa kike, kilo mbili na nusu. Dada kapiga vigelegele jikoni mpaka nikaangusha sindano. Hospitali ni dakika kumi kwa miguu. Keshavaa viatu, twende! Nikasema nimefika tisa. Bado moja, halafu ndiyo yake. Kasema maneno ambayo siyaandiki hapa, kaenda peke yake.

Karudi saa sita. Katua mkoba, hakukaa. Mtoto ana kofia, kasema. Ya njano. Sista kamvalisha. Mshono umeruka hapa kwenye sikio, ni yako hiyo hata mahakamani.

Nikasema ile ni ya hospitali. Siyo yangu kumpa.

Dada kakaa sasa. Kasema kwa sauti ndogo, wewe unaogopa tu. Nikaanza ya kumi.

Jumamosi, 15 Juni
Ya kumi nimemaliza saa nne asubuhi. Nikaanza yake hapo hapo.

Simu ya Dada ikalia. Kapokea, akaniwekea sikioni bila kuniuliza. Baba. Sauti ni ile ile! Mtoto analia nyuma yake. Hata salamu nimeshindwa. Kauliza: Baba, unakuja lini? Nikajibu, nikimaliza mstari huu.

Mstari huu! Mdomo wangu mwenyewe umesema hivyo. Kasema sawa, nasubiri. Na hakukata.

Simu iko mezani, spika wazi. Mstari ni mishono sitini. Nimefika hamsini na nane nikafumua. Nimeanza upya, hamsini na nane, nikafumua tena. Dada yuko mlangoni na mkoba begani, hasemi kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mara ya tatu nimeweka sindano chini nikachukua kalamu, maana nikiandika sifumi, na nisipofuma simalizi.

Naogopa, ndiyo. Nikiingia pale mlangoni nitamwambia nini? Kwamba siku ya harusi nilikuwa na kazi? Sikuwa na kazi. Nilikaa peke yangu nikisikiliza saa arobaini, na nilikuwa nalia.

Mtoto kanyamaza. Nadhani ananyonya.

Baba, umefika wapi?

Imebaki miwili, nimemwambia. Miwili tu.