Paka Hakuwa Mvivu

Baba Joyness,

Ndama ameshachomwa sindano, usimtoe nje leo. ~~Chakula kipo jikoni.~~ Ndizi ziko shambani, kata umenye.

Wiki nzima umemnyima paka chakula, eti ni mvivu, akibanwa na njaa atawinda panya wa stoo ya kahawa. Asubuhi daktari wa mifugo alipomaliza na ndama akamwona paka anahema mdomo wazi. Amemvuta maji kifuani kwa sindano, kikombe kizima, ndipo akapumua. Daktari anahofia paka ana uvimbe humo ndani, na bila eksirei hawezi kujua dawa ya kumpa. Nampeleka Bukoba.

Samaki wako wa jana, yule sato, nimempa paka. Leo panya wa stoo utawawinda wewe, maana njaa utakuwa nayo.

Mama Joyness